Tangazo la Magodoro

Siku Fundi Pindo alipoondoka, saa tisa alasiri, mtu asiyejulikana aliweka tangazo la magodoro katika kundi la mafundi cherehani, na tangazo lile halikuondolewa.

Kwa watu mia mbili na kumi na wanane waliokuwa kwenye kundi lile, pengo lilianzia hapo. Hawakuwa na habari ya hospitali, wala ya homa ya siku nne, wala ya daktari aliyetoka chumbani akifuta miwani isiyo na vumbi. Walichojua ni kwamba kwa miaka sita, tangazo likiingia siku isiyo yake, chai haijapoa kikombeni limeshafutwa, na aliyeliweka ameshaambiwa kwa adabu kwamba hapa ni nguo tu. Sasa magodoro yakakaa. Yakalala hapo hadi asubuhi, ya inchi sita na ya inchi nane, pamoja na picha ya mwanamke aliyevaa gauni la kulalia, akicheka peke yake.

Simu aliyosimamia kundi ilikuwa mfukoni mwa baba yake. Muuguzi alimkabidhi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kandambili, kitambaa cha kichwa, na utepe wa kupimia ambao binti alikuja nao hospitali shingoni, maana alikuwa katikati ya suruali ya mtu alipozidiwa.

Baba huyo mtaani walimwita Mzee Muhuri. Alikuwa amefanya kazi posta miaka thelathini na mmoja, kwenye chumba cha nyuma ambako wateja hawafiki, akichambua barua na kuzitumbukiza kwenye vishubaka vyake. Alistaafu mgongo ukiuma na kidole gumba cha kulia kikiwa kipana kuliko cha kushoto. Jambo moja halikustaafu naye: hakuweza kutupa barua. Posta walifundishwa kwamba barua ni mali ya aliyeandikiwa, si ya anayeichukua njiani. Isiyo na mwenyewe huandikwa daftarini, huwekwa kishubaka cha mwisho, na aliyeituma huarifiwa. Kuichana ni kosa la kufukuzwa kazi. Mzee alikuwa na fahari moja maishani, kwamba hakuwahi kuchana hata bahasha tupu.

Wiki ya msiba ilipita, majirani wakapungua, viti vya kukodi vikarudishwa. Mzee akaingia chumba cha uani alikokuwa akishonea binti yake, akakaa kwenye stuli mbele ya cherehani. Suruali ya yule mteja ilikuwa bado chini ya sindano, mguu mmoja una pindo, mwingine hauna. Akaitoa simu mfukoni. Ilikuwa inatetemeka kama kitu kilichoshikwa na baridi.

Alama ya kuifungua aliijua mkewe, mama wa binti. Ilikuwa herufi ya kwanza ya jina la nyumbani, ambalo kwenye kundi hakuna aliyelijua. Kule alikuwa Fundi Pindo basi, kwa sababu hakuna kitu alichokihubiri kama pindo. Picha yake haikuwa ya uso, ilikuwa ya ukingo wa sketi ya bluu uliopindwa ukapindika. Wanakundi walitawanyika mbali, na wengi hawakuwahi kuonana.

Mzee alisoma kama asomavyo mtu anayepekua kabati la mwenzake, akisita kila hatua. Juu kabisa zilikuwa zimebandikwa sheria tano. Ya kwanza, hapa ni nguo na ufundi wake. Ya pili, matangazo ni Ijumaa, saa nne hadi saa sita, moja kwa kila mtu, na yawe ya vitu vya ushonaji. Ya tatu, asubuhi njema inatosha kuandikwa, usitume picha ya waridi, simu zetu ni ndogo. Ya nne, usiandike kwa herufi kubwa kubwa, hatujagombana. Ya tano, tangazo la msiba lisiwekwe hapa. Liletwe kwa msimamizi faragha, ahakikishe kwanza.

Chini ya sheria, hali ilikuwa soko lililokosa askari. Magodoro yalikuwa yamepata wenzao. Kulikuwa na dawa ya kung'oa kitambi, sabuni ya kumrudisha mume, pete, mabati, mashine ya kukausha mahindi, na mtu aliyedai anafundisha Kifaransa kwa wiki mbili. Katikati yake mafundi walikuwa wakiulizana habari za uzi unaokatika, na sauti zao zilikuwa kama za watu wanaoongea kwenye karakana ya mabati.

"Fundi Pindo, hali yako?" mmoja aliandika. "Siku ya tisa leo hatukuoni."

Vidole vikaandika kabla kichwa hakijaamua. "Nzuri," akaandika. Akaituma. Kisha akabaki ameshika tama, akiwa hajui kwa nini amesema vile, na hajui anavyoweza kulirudisha neno lililokwishaondoka.

Usiku ule mkewe alimuuliza, "Umewaambia?"

"Bado."

"Unangoja nini, baba?"

"Kuna sheria," alisema mzee. "Misiba hairuhusiwi."

Mama alimtazama muda mrefu kama mtu anayetazama jiko lililozimika mchana. "Sheria ya nani?"

"Yake."

Mzee mwenyewe hakujua kama alikuwa anasema kweli au amepata pa kujificha. Duniani kote palikuwa pamebaki mahali pamoja tu ambapo mtu bado anamwuliza binti yake hali, na mahali hapo palikuwa kwenye kiganja cha mkono wake.

Kesho yake akaanza kazi. Kama matangazo yamezidi, basi ayashughulikie, na njia ya kuyashughulikia aliijua toka ujana. Alichukua daftari la vipimo vya wateja, akageuza nyuma, akapiga mistari minne kwa rula: tarehe, namba ya aliyetuma, habari, majibu. Akaandika magodoro kuwa namba moja. Kisha akamjibu mwenyewe palepale kundini, mbele ya watu wote:

"Ndugu mtuma tangazo la magodoro. Salaam. Barua yako imepokelewa na kuandikishwa. Tunasikitika kukuarifu kuwa haikufika kwa mhusika. Tafadhali rekebisha anwani. Wako mtiifu, Msimamizi."

Akamjibu wa kitambi. Akamjibu wa mabati. Wa Kifaransa alimjibu kwa pole kidogo, akamwambia kwamba wiki mbili ni chache. Kufika adhuhuri alikuwa amejibu barua kumi na saba, kidole gumba kinauma, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali alihisi njaa.

Magodoro yalijibu mara moja. "Asante kwa kuchagua usingizi mtamu! Andika 1 kwa inchi sita, 2 kwa inchi nane."

Mzee alistaajabu. Akaandika kwamba hajachagua, bali amearifu tu. "Samahani, sijakuelewa," magodoro yakasema. "Andika 1 au 2." Akaeleza tena, polepole, kama alivyokuwa akieleza wanagenzi wa posta. Magodoro hayakuelewa. Mwisho, ili asionekane mtovu wa adabu, akaandika 2.

Toka saa ile mlango ukawa wazi. Waliojibiwa walirudi na wenzao. Tangazo moja likawa matatu. Kundi likaingiliwa na namba za nchi ambazo mzee alizijua kwa stempu zake tu. Na mafundi, waliokuwa wamenung'unika chinichini, wakafungua midomo.

"Haya makubwa," aliandika Mama Vifungo, mwanamke wa makamo aliyependa kuanza kila kitu kwa mshangao. "Fundi Pindo anaandikiana barua na magodoro?"

"Wako mtiifu! Amekuwa karani lini?"

"Labda anaoa, wacha anunue kitanda," akatania mwingine.

"Anaolewa, wewe! Fundi Pindo ni mwanamke."

"Kwa barua hizi? Mimi naona babu mwenye tai."

Wakacheka kwa vikaragosi mstari mzima. Mzee aliona nyuso ndogo za manjano zinalia machozi na akadhani wameshajua. Akampelekea mkewe simu.

"Hawa wanalia?"

Mama alivaa miwani. "Hawa wanacheka, baba. Hayo machozi ni ya kicheko."

"Basi wanaolia wanakuwaje?"

Mama alitafuta akamwonyesha. Mzee alilinganisha moja na nyingine akaona hazitofautiani sana, akarudi chumba cha uani kichwa kinamzunguka.

Aliyekata mzizi alikuwa mwanamke mmoja waliyemwita Mkasi, fundi wa magauni ya harusi, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi. Kwa miaka yote sita yeye na Fundi Pindo walikuwa wakizozana juu ya upana wa pindo, na kila mzozo uliishia kwa mmoja kumtumia mwenzake picha ya kazi nzuri. Jumatano asubuhi akatuma ujumbe mrefu.

"Wenzangu, nimevumilia wiki ya pili. Siku zote mwenye kundi hili alikuwa mkali wa sheria kuliko mwalimu wa zamu. Sasa anajibizana na matapeli huku sisi tukimwuliza maswali hatujibu. Mimi nasema wazi, ametuuza. Namba zetu amewapa wafanyabiashara na ameshapata chake. Nimefungua kundi jipya. Ijumaa saa nne mimi natoka. Anayetaka anifuate. Anayependa magodoro abaki alale."

Chini yake vidole gumba vilipanda kimoja baada ya kingine. Mzee alivihesabu hadi sitini na nne, akaacha.

Neno "ametuuza" lilimwinua kwenye stuli. Alitoka uani akazunguka tangi la maji mara mbili, akarudi. Kama wangesema binti yake alikuwa mvivu, au ana maringo, angekubali yaishe. Lakini huyu mtoto alikuwa akishona gauni la mteja, kikibaki kitambaa cha kiganja kimoja, anakirudisha kimekunjwa ndani ya gauni. Ataondokaje duniani akiwa ameitwa mwuza watu, na waliomwita hivyo wasijue hata kwamba ameondoka? Na yale mafunzo yake, sauti mia na ushee alizorekodi za jinsi ya kutia zipu, kukata kola, kutuliza cherehani inayoruka mishono, yangebaki kwenye kundi tupu na sabuni ya kumrudisha mume.

Tena alijua nani amemponza. Si magodoro. Ni yeye.

"Waambie leo," mama alisema mlangoni. Safari hii hakuuliza.

"Nitawaambiaje? Nikiweka pale navunja sheria yake mbele ya watu wake."

"Kwa nini aliiweka hiyo sheria? Umewahi kutafuta?"

Hakuwa ametafuta. Wakakaa wote wawili, yeye kwenye stuli na mama kwenye kikapu cha vitambaa kilichogeuzwa, wakarudi nyuma kwenye mazungumzo, miezi, mwaka, miaka mitatu, mpaka wakaipata. Mtu mmoja alikuwa ametangaza kifo cha fundi wa kofia. Watu wakaomboleza kutwa nzima, wakaandika wasifu, mmoja akatunga shairi. Jioni fundi wa kofia akaingia akaandika, "Nimekufa saa ngapi jamani? Mbona mke wangu ananidai kuni?"

Mama alicheka. Ilikuwa sauti ambayo nyumba ile haikuisikia kwa wiki mbili, na ilimshtua mwenyewe akaziba mdomo.

Baada ya hapo ndipo Fundi Pindo akaweka sheria ya tano. Na mzee aliona jinsi alivyoitumia. Kwenye mazungumzo ya faragha kulikuwa na mtu aliyeleta habari kwamba mama mmoja wa kundi amefariki. Binti alikuwa amejibu, "Pole sana ndugu yangu. Nisamehe kwa swali hili, namwuliza kila mtu. Nani amemwona kwa macho?" Aliyeleta akajibu, "Mimi, dada yake." Binti akaandika, "Basi inatosha. Naliweka sasa." Na akaliweka.

Mzee aliiweka simu kwenye meza ya cherehani, karibu na kopo la pini. Halafu akatoa mfukoni simu yake mwenyewe, ile ndogo ya vitufe, akavaa miwani, akaandika kwenda kwenye namba ya binti yake, herufi moja moja:

"Kwa Msimamizi. Naleta habari ya msiba. Fundi Pindo amefariki."

Simu ya mezani ikatetemeka. Kioo kikawaka. Juu yake pakaandikwa: Baba.

Mama alishika ukingo wa kikapu.

Mzee aliichukua ile simu kubwa, akaufungua ujumbe, akausoma wote kana kwamba umetoka kwa mtu mwingine. Alijua kinachotakiwa sasa, akakiandika kwa maneno ya binti yake, hakuongeza wala kupunguza:

"Pole sana ndugu yangu. Nisamehe kwa swali hili, namwuliza kila mtu. Nani amemwona kwa macho?"

Simu ndogo ikalia mlio wake wa zamani. Mzee akaisoma. Wiki mbili alikuwa amewajibu majirani, mchimba makaburi, wenye viti vya kukodi, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza hivyo. Aliiona tena ile shuka ya hospitali, na utepe wa kupimia, na mguu wenye soksi moja.

"Mimi," akaandika. "Baba yake."

Alipoweka simu ndogo chini hakuweza kuendelea. Mama ndiye aliyechukua kubwa, akamwandikia mumewe, "Basi inatosha. Naliweka sasa."

Waliandika pamoja tangazo lenyewe, kila mmoja akifuta neno la mwenzake. Lilisema kwamba Fundi Pindo alifariki siku yalipoingia magodoro. Kwamba hakumwuza mtu. Kwamba barua zote za wiki hii zimeandikwa na baba yake, ambaye ni mtu wa posta na hajui kufuta, na ambaye siku ile aliandika "nzuri" wakati haikuwa nzuri. Na kwamba anaomba radhi. Ilikuwa saa kumi na robo.

Kundi likanyamaza. Mzee aliona alama za kusomwa zikiongezeka, ishirini, hamsini, tisini, na hakuna aliyeandika. Tangazo la pete likaingia katikati ya ukimya ule, likasimama pale peke yake kama mlevi aliyeingia msibani. Kisha fundi wa kofia, yule yule, akaandika, "Poleni wazazi. Mimi alinifufua." Ndipo wengine wakafuata, na mzee hakuweza tena kusoma kwa haraka waliyokuwa wakiandika.

Simu ikaita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye Mkasi." Sauti ilikuwa imekatika. "Baba, nimemtukana mwenzangu hayupo."

"Hukumtukana yeye," mzee alisema. "Ulinitukana mimi. Na nilistahili kidogo."

Upande wa pili pakawa na kilio, safari hii cha kweli, mzee akaitambua tofauti bila kuonyeshwa. Alingoja. Alizoea kungoja watu kwenye dirisha.

"Alikuwa anaacha sentimita nne," Mkasi alisema baadaye, akipenga kamasi. "Nne, baba! Kila pindo. Nikamwambia unamaliza kitambaa. Ananiambia mtoto atarefuka."

"Hata suruali zangu," mzee akasema. "Na mimi nilishaacha kurefuka."

Mkasi akacheka na kulia kwa pamoja, na mzee akachanganyikiwa tena asijue ajibu kipi.

Hakuna aliyehamia kundi jipya. Mkasi alimwelekeza namna ya kumpa usimamizi, ikawachukua nusu saa kwa sababu mzee alimwondoa kwanza kwa bahati mbaya, wakamtafuta kumrudisha. Mkasi akaufunga ule mlango wa mwaliko ambao wageni walikuwa wakiingilia. Halafu akamfundisha kufuta.

"Unabonyeza tangazo, baba, unashikilia. Juu kunatokea pipa la taka. Gusa pipa."

Mzee alibonyeza magodoro. Pipa likatokea. Kidole gumba kikasimama juu yake, kipana, kikarudi.

"Siwezi, mwanangu."

"Ni magodoro, baba!"

"Najua. Yana mtu aliyeyatuma."

Mkasi alivuta pumzi ndefu. "Haya," alisema. "Mimi nitafuta. Wewe utafanya nini?"

Hilo mzee alilijua.

Siku hizi matangazo hayawekwi kundini moja kwa moja. Yanaletwa kwanza kwenye simu ile, chumba cha uani. Suruali ya yule mteja ilipindwa mguu wa pili na Mkasi, aliyekuja kwa basi siku ya arobaini, akaacha sentimita nne. Mzee Muhuri huyasoma matangazo yote na kuyaandika daftarini, na Ijumaa saa nne huyapeleka yanayohusu uzi, vitambaa na sindano. Magodoro huja kila Jumatatu. Huandikwa kwa namba yake na kubaki kwenye simu, hayaendi popote.